Tuijue ardhi ya bonde la Ruzizi na milima yake



Mtu anayekimbia vita hana nafasi ya kuchagua kiwanja. Anafika usiku na watoto, anaonyeshwa mahali palipo wazi, na hapo anatandika turubai. Mara nyingi mahali hapo palikuwa wazi kwa sababu. Ni kando ya mto, ni mchangani karibu na ziwa, au ni chini ya mteremko ambao wenyeji hawajengi. Mwenyeji anajua, lakini hakuulizwa. Mgeni hajui, wala hakuambiwa. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo inayomfundisha.

Katika makala hii tunataka kueleza kwa maneno mepesi jinsi bonde la Ruzizi na milima inayolizunguka vilivyoumbwa, na namna ardhi hiyo inavyoendelea kubadilika hata leo. Hatuandiki kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu peke yao. Tunaandika kwa ajili ya mama anayetafuta mahali pa kulaza watoto, mkulima anayerudi shambani baada ya miaka ya uhamishoni, na chifu ambaye kila wiki anaamua kesi za mashamba. Ardhi ina tabia zake. Anayezijua hukaa kwa usalama zaidi, na huamua kesi kwa haki zaidi.

Tunazungumzia eneo gani?

Mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu, pale Bukavu, na kumwaga maji yake katika ziwa Tanganyika, karibu na Uvira na Bujumbura. Urefu wake ni kilomita 117 hivi. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo ziwa Tanganyika liko mita 770 na kidogo. Maana yake, maji yanashuka karibu mita 700 katika safari hiyo fupi.

Safari hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutoka Bukavu mpaka Kamanyola. Hapo mto unapita katika korongo jembamba, kwa kasi kubwa, na ndiyo sababu mabwawa ya umeme ya Ruzizi ya kwanza na ya pili yalijengwa sehemu hiyo. Sehemu ya pili inaanzia Kamanyola. Milima inaachana, mto unatulia na kujipinda-pinda katika uwanda mpana: upande wa Kongo tuna Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Kiliba mpaka Uvira, upande wa Burundi ni uwanda wa Imbo. Sehemu ya juu ya mto ni mpaka wa Kongo na Rwanda, na chini yake, kwa sehemu kubwa, ni mpaka wa Kongo na Burundi.

Magharibi ya uwanda inasimama milima ya Mitumba, na nyuma yake nyanda za juu za Itombwe. Mtu akisimama Uvira ufukoni na kutazama magharibi, anaona ukuta wa milima yenye vilele vinavyopita mita 3,000. Kutoka maji ya ziwa mpaka vilele hivyo ni kilomita chache tu, lakini ni mpando wa zaidi ya mita 2,000. Mashariki, upande wa Burundi, kuna milima mingine mirefu inayotazamana na hii yetu. Kwa nini milima iko pande zote mbili, na katikati ni tambarare?

Bonde lilizaliwaje?

Chukua matofali matatu, uyapange yabanane. Kisha mwambie mtu avute la kushoto polepole, nawe uvute la kulia. Tofali la katikati litateleza na kushuka. Hivyo ndivyo bonde letu lilivyozaliwa.

Ardhi tunayoikanyaga ni gamba gumu la dunia. Gamba hilo limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole mno. Hapa kwetu, Afrika ya mashariki inavutwa kuachana na sehemu nyingine ya bara. Mwendo wake ni milimita chache tu kwa mwaka, pungufu ya unavyokua ukucha wa mtu. Lakini milimita chache kwa mwaka, zikirudiwa kwa mamilioni ya miaka, hufanya kazi kubwa. Ardhi ilipasuka, katikati ikashuka, na kingo zikainuka. Wataalamu wanaliita bonde la ufa. Mkono wake wa magharibi unapita ziwa Albert, ziwa Edward, ziwa Kivu, Ruzizi na Tanganyika. Maziwa hayo yote yamelala katika ufa mmoja.

Sehemu iliyoshuka sana ikajaa maji, ndiyo ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolishinda kwa kina, nalo ni Baikal la Urusi. Uwanda wa Ruzizi ni mwendelezo wa shimo hilo hilo upande wa kaskazini. Tofauti ni kwamba shimo la Ruzizi limejazwa udongo, mchanga na kokoto, wakati lile la Tanganyika limejaa maji. Mtu anayelima Sange au Kiliba analima juu ya shimo lililofukiwa. Ni nani aliyelifukia? Ni milima, kupitia mito. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Mto uliogeuzwa na volkano

Zamani za kale, mto Ruzizi kama tunavyoujua leo haukuwapo. Wataalamu wanaona kwamba maji ya eneo la ziwa Kivu yalikuwa yanaelekea kaskazini, mpaka ziwa Edward, na kutoka huko mpaka mto Nile na Misri. Kisha volkano za Virunga ziliinuka kaskazini ya mahali ulipo mji wa Goma wa leo. Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto wa chini ya ardhi, ilimwagika na kuganda tabaka juu ya tabaka, mpaka ikafunga bonde kama mtu anavyofunga mfereji kwa udongo.

Maji yakakosa njia. Ziwa likapanda, likapanda tena, mpaka likapata mahali pa chini upande wa kusini, pale Bukavu. Hapo likamwagika. Hayo yalitokea miaka elfu kumi hivi iliyopita. Kwa mwanadamu ni muda mrefu, lakini kwa ardhi ni kama jana. Ndiyo maana korongo kati ya Bukavu na Kamanyola ni jembamba na lina kuta za wima: mto bado ni kijana, unaendelea kuchimba njia yake.

Volkano hizo hazijalala zote. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021, na wakaaji wa Goma hawajasahau.

Milima ya mawe ya kale na udongo usiotulia

Mawe ya milima yetu ni ya kale sana. Mengi yana umri unaopita miaka bilioni moja. Kuna mawe meupe magumu yanayong'aa, ambayo mvua inashindwa kuyala haraka. Hayo ndiyo yanayosimama kama vilele. Kuna mawe ya tabaka-tabaka yanayobanduka kama magome ya mti. Hayo huoza upesi na kuteleza. Na kuna mawe ya graniti yaliyopanda yakiwa moto kutoka chini, miaka bilioni moja hivi iliyopita, yakaleta madini ya bati ambayo leo tunayaita kasiteriti. Dhahabu pia imo katika mishipa ya mawe hayo ya kale. Utajiri huo umewapa watu kazi, na umewaletea pia vita. Ardhi yenyewe haikupigana na mtu.

Upande wa Bukavu, Walungu na Kabare hali ni tofauti kidogo. Huko lava za zamani zilifunika milima. Mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, ni volkano iliyozimika. Lava hiyo imeoza kwa mvua na jua ikawa udongo mwekundu mzito. Udongo huo hupendwa na mkulima, kwa sababu una rutuba. Lakini ukilowana sana unakuwa kama sabuni. Nyumba zikipangwa juu yake katika mteremko mkali, maji ya kunawia na ya mvua yakamwagwa ovyo, na miti ikiwa imekatwa, mlima unaanza kushuka. Bukavu ina vitongoji ambavyo nyufa zake hurudi kila msimu wa mvua. Mwenye nyumba anaziba kwa sementi, mwaka unaofuata zinafunguka tena. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa mlima hauzibwi kwa sementi. Unapunguzwa kwa kuongoza maji, kupanda miti, na mahali pengine kwa kukubali kuhama.

Mteremko mkali ukikutana na mvua kubwa, mawe na tope hushuka pamoja. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, kando ya ziwa Kivu, mito midogo ilishuka kutoka milimani na kufunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Milima ile ni ukingo wa ufa ule ule unaosimama juu ya Uvira. Kilichotokea kule kinaweza kutokea huku.

Uwanda ni udongo wa milima

Sasa turudi kwenye swali letu: nani alifukia shimo la Ruzizi?

Mito inayoshuka kutoka Mitumba ni mifupi na yenye nguvu. Inapokuwa milimani inakimbia, inabeba mawe, kokoto, mchanga na tope. Inapofika chini, mteremko unaisha ghafula, nayo inachoka. Inatua mzigo wake: mawe makubwa kwanza, pale pale mlima unapoishia, kokoto na mchanga mbele kidogo, tope laini mbali zaidi. Mzigo huo unatandazwa kwa umbo la ungo uliolazwa, mwembamba juu, mpana chini. Mto ukishaziba njia yake kwa mawe yake wenyewe, unahama. Mwaka huu unapita kushoto, miaka ishirini baadaye unapita kulia. Hivyo ndivyo unavyotandaza udongo pande zote.

Uwanda wote ulijengwa namna hiyo, kwa mamilioni ya miaka. Muhogo, mahindi na mpunga tunaokula, na miwa ya Kiliba, vinakua katika udongo ulioshuka kutoka juu. Kwa hiyo mtu wa uwandani anakula kutoka mlimani, hata kama hajawahi kupanda huko.

Mji wa Uvira umejengwa kwenye ungo wa namna hiyo. Mito Mulongwe na Kalimabenge inatoka milimani na kupita katikati ya nyumba za watu mpaka ziwani. Katika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, baada ya mvua kubwa, Mulongwe ulijaa na kuvunja kingo zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, na watu wengi sana wakakosa makao. Wengine walisema mto umewaka hasira. Ukweli ni kwamba mto ulifanya kazi ambayo umeifanya tangu zamani, isipokuwa safari hii watu walikuwa wamelala katika njia yake. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa zamani haukusahauliwa na mto, hata kama sisi tumeusahau.

Ziwa hupanda na kushuka

Ziwa Tanganyika nalo halitulii kwenye alama moja. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Ziwa likapanda kwa miaka mingi, hata mwaka 1878 hivi maji yakavunja kizuizi, nalo likashuka mita kama 10 katika miaka iliyofuata. Ardhi iliyobaki wazi ikawa mashamba na viwanja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua zilikuwa nyingi, ziwa likapanda tena, na mwaka 1964 likafika juu sana. Kisha likashuka, watu wakajenga tena karibu. Mwaka 2021 na mwaka 2024 maji yalirudi na kuingia katika nyumba za Uvira na katika mitaa ya Bujumbura na Gatumba. Vijana wengi walishangaa, kwa kuwa hawakuwahi kuona jambo kama hilo. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1964 hawakushangaa. Kwa hiyo tunawaomba viongozi: kabla ya kugawa viwanja vya ufukoni, muulizeni mzee ziwa lilifika wapi wakati ule.

Nchi bado inatetemeka

Ufa wetu haujamaliza kufunguka. Ndiyo maana nchi hutetemeka. Mawe yanavutwa, yanashikana, kisha yanaachia ghafula. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 chini ya ziwa Tanganyika lilibomoa nyumba Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la karibu 6 lilipiga Bukavu na ng'ambo ya pili, Rwanda. Watu walikufa pande zote mbili, wengi zaidi upande wa Rwanda, na wengine walikuwa kanisani.

Hakuna mtu anayeweza kutabiri siku ya tetemeko. Anayedai kuijua siku, msimsadiki. Lakini tunajua mambo matatu. Kwanza, tetemeko lenyewe haliui watu wengi. Kinachoua ni kuta na mapaa mazito. Turubai au nyumba ya miti na udongo yenye paa jepesi ina hatari ndogo kuliko ukuta wa matofali usiofungwa vizuri. Pili, baada ya tetemeko kubwa hufuata madogo. Msirudi kulala katika nyumba yenye nyufa mpya. Tatu, mteremko uliotikiswa unalegea. Mvua inayofuata inaweza kuuangusha.

Mambo haya yanahusianaje na amani?

Msomaji anaweza kuuliza: gazeti la amani linatafuta nini katika mawe na mito? Jibu ni kwamba ugomvi mwingi katika bonde letu unaanzia kwenye ardhi na maji. Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mto kuwa mpaka. Familia mbili zimekubaliana kwamba mto mdogo ni mpaka wa mashamba yao. Mwaka mmoja mto unahama mita 50. Familia moja inaona shamba lake limeongezeka, nyingine inaona imeibiwa. Kama walikuwa wamekimbia, kila mmoja anaporudi anakumbuka mto wa wakati wake, na wote wawili wanasema kweli. Chifu asiyejua kwamba mito ya uwandani huhama, atamwita mmoja wao mwongo. Chifu anayejua atatafuta njia ya zamani ya mto kwa kufuata mstari wa mawe ya mviringo, ataita mashahidi wa pande zote, na ataweka mpaka kwa miti na mawe yaliyozikwa, si kwa maji. Hata mto Ruzizi wenyewe, karibu na ziwa, unagawanyika mikono miwili, Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo. Maji katika uwanda laini hayana utii kwa mpaka wa mtu.

Mfano wa pili ni watu wa juu na watu wa chini. Wa juu wakikata miti yote, wakilima mteremko bila matuta, au wakichimba madini na kumwaga tope mtoni, wa chini wanapata mafuriko, mifereji yao ya mpunga inajaa mchanga, na maji ya kunywa yanachafuka. Wa chini wanasema: wale wa mlimani wanatuua. Lakini tuulize pia kwa nini wa juu wanakata miti. Wengine ni wahamiaji waliofukuzwa mara tatu, hawana shamba lingine wala kuni nyingine. Wengine wanauza makaa kwa watu hao hao wa uwandani. Na wakati wa kiangazi wafugaji wa juu wanashuka na ng'ombe kutafuta majani uwandani, wakikuta mashamba yamefunga njia. Kwa hiyo mlima na uwanda ni kama nyumba yenye paa na sakafu. Paa likivuja, sakafu inalowa. Ukitaka sakafu kavu, saidia kuezeka paa. Mkutano wa mashamba unaoita watu wa uwandani peke yao ni nusu ya mkutano.

Mfano wa tatu ni mahali pa kuwaweka waliohama. Vita vya mwaka 2025 viliwafanya watu makumi ya maelfu kuvuka mto Ruzizi kwenda Burundi, na wengine kuhamia vijiji vya jirani. Viongozi huwa na haraka, na kiwanja cha karibu ndicho kinachotolewa. Kikiwa njiani mwa mto, familia iliyopoteza kila kitu kwa bunduki itapoteza tena kwa maji. Na wenyeji wakilazimika kuwahamishia katika mashamba yao usiku wa mafuriko, bila mapatano, chuki inaanza. Saa moja ya kutembea na wazee kabla ya kugawa kiwanja inaweza kuzuia mambo yote mawili.

Alama za kutazama kabla ya kutandika turubai

Hakuna haja ya mashine. Macho, miguu na maswali vinatosha kwa kuanza.

1. Tazama mawe. Mawe ya mviringo, laini kama yai, yamesuguliwa na mto. Ukiyaona shambani au chini ya mti, hata kama mto uko mbali, ujue mto ulipita hapo na unaweza kurudi. Yakiwa makubwa kama vichwa vya watu, mto huo una nguvu ya kubeba nyumba.

2. Tazama mahali mto unapotoka mlimani. Mdomo wa bonde ndio mahali pa hatari kuliko pote. Usikae mbele yake.

3. Tazama miti. Miti iliyopinda shina chini kisha ikasimama wima juu inaonyesha kwamba udongo wa mteremko unashuka polepole.

4. Tazama nyufa. Ufa ardhini wenye umbo la mwezi mwandamo juu ya mteremko, au chemchemi mpya iliyojitokeza chini yake, ni onyo. Waondoeni watu kwanza, kisha mzungumze.

5. Tazama maji ya mto. Wakati wa mvua, mto ukipungua ghafula wakati mvua bado inanyesha juu, huenda udongo umeanguka na kuuziba huko mlimani. Kizuizi kikivunjika, maji yatashuka yote kwa mara moja. Panda mahali pa juu, usisubiri kuokota vyombo. Fanyeni hivyo pia mkisikia mngurumo wa mawe mtoni.

6. Uliza mwenyeji. Uliza hivi: "Maji yaliwahi kufika wapi? Mahali gani wazee walikataza kujenga?" Mwulize mwanamume na mwulize mwanamke, kwa kuwa anayechota maji kila siku anaujua mto kuliko wengine.

Tunajua kwamba familia nyingine haina mahali pengine. Kama ni lazima kukaa karibu na mto, basi mkubaliane mambo haya kabla ya mvua za Machi na Aprili: nani atakesha usiku wa mvua kubwa, ishara itakuwa filimbi au ngoma, njia ya kupandia ni ipi, na nani atawabeba wazee, wagonjwa na wasioona. Kijiji kilicho juu kikiwa na simu, kipige kwa kijiji kilicho chini mara mto unapojaa. Simu hiyo moja, kutoka kabila hili kwenda kabila lile, inaokoa watu na inajenga imani.

Kwa viongozi

Wapendwa machifu, wakuu wa vijiji na wa kambi, tunawaomba mambo machache. Orodhesheni mahali pa hatari katika eneo lenu, na muandike majina yake kama wenyeji wanavyoyaita. Mara nyingi jina la zamani la mahali linataja maji au mawe. Msigawe viwanja katika mahali hapo, hata kama mnaombwa kwa machozi au kwa fedha. Simamieni uchimbaji wa mchanga na mawe mitoni, kwa sababu ukingo ukichimbwa sana mto unakula nyumba za jirani. Pandeni miti na majani marefu kwenye kingo, na matuta katika miteremko, na kazi hiyo ifanywe na wenyeji na wahamiaji kwa pamoja. Na katika kila kamati ya maji au ya mashamba, watu wa juu na wa chini wawe ndani.

Tumalizie na safari ya tone la mvua. Mvua ikinyesha kwenye mgongo wa milima yetu, maji yanagawanyika. Yanayoangukia magharibi yanaingia katika mito Ulindi na Elila, na kwenda mpaka mto Lualaba. Yanayoangukia mashariki yanashuka Ruzizi, yanaingia ziwa Tanganyika, yanatoka kwa mlango wa Lukuga, na mwisho nayo yanafika Lualaba. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache moja kutoka kwa jingine, yakatupwa pande mbili za mlima, yanakutana tena katika mto mmoja wa Kongo. Sisi tunaoishi pande hizo mbili tunakunywa maji hayo hayo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji au kambi yetu, ni mahali gani wazee walikataza kujenga? Leo ni nani anakaa hapo?

2. Je, mto wa kwetu umewahi kuhama? Kuna familia zinazogombana kwa sababu hiyo? Ni mashahidi gani bado wako hai?

3. Watu wanaoishi juu yetu mtoni ni akina nani? Tunaweza kukutana nao wapi na lini, kabla ya mvua kuanza?

4. Mvua kubwa ikija leo usiku, nani ataamsha wengine?